Vichanja vya Mheshimiwa Trask

Watu wa Port Selwick wanapenda kusema kwamba nilimchezea shere Mheshimiwa Elkanah Trask. Wanasema nilipanga tangu mwanzo, nikakaa kimya mwaka mzima nikimvizia. Nimeisikia hadithi hiyo dukani, nimeisikia kanisani, na mara moja nimeisikia mazishini, na kila inaposimuliwa upya mimi huzidi ujanja na yeye huzidi ujinga. Hakuwa mjinga. Na mimi sikupanga kitu. Sasa amekufa, na gazeti la Halifax limeandika maisha yake safu nzima bila kunitaja hata kwa herufi moja, kwa hiyo nitaeleza yale niliyoyaona mwenyewe.

Gazeti linasema alizaliwa Yorkshire, akaja Nova Scotia akiwa na miaka kumi na saba, akafanya biashara, akachaguliwa mara tatu kuingia Bunge la Jimbo, akatuletea barabara. Yote hayo ni kweli. Halikusema kwamba alifika na furushi mgongoni, lenye sindano, utepe na vifungo, akitembea nyumba kwa nyumba kwenye theluji, wala kwamba siku ya kwanza alipoingia uani kwetu mbwa wa baba alimrarua suruali. Dada yangu Deborah ndiye aliyeishona. Elkanah alikaa jikoni amejifunga blanketi kiunoni, akizungumza bila kupumua juu ya bei ya ng'onda, samaki wa chumvi wa kukaushwa, huko Jamaika. Baba alisema kijana huyu ama atatajirika ama atafungwa. Miaka michache baadaye alimwoa Deborah.

Alitajirika. Alikuwa na jicho la kutambua samaki mzuri. Wengine walinunua chewa wa chumvi kwa mapipa bila kuangalia, yeye alimnusa mmoja mmoja, akamkunja, akamgonga kwa kidole. Alipofika miaka thelathini alikuwa na duka, gati, jahazi mbili za milingoti miwili, na ufuo wote ulio chini ya kanisa, ambao aliununua kwa mzee mmoja mlevi asiyejua thamani yake. Juu ya kokoto za ufuo ule alijenga vichanja vya matawi ya msonobari, safu kumi na nne, vya kuanikia samaki. Hapakuwa na ufuo mwingine karibu unaopata upepo mkavu kama ule. Mwenye ule ufuo alikuwa na ng'onda bora, na mwenye ng'onda bora alikuwa na Port Selwick yote.

Mwaka 1821 Deborah alikufa kwa homa, akaacha wasichana wawili wadogo. Nilikuja mazishini na sanduku moja. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku ya tatu wasichana walikuwa wanalia njaa, nikapika uji. Siku ya nne Elkanah aliniuliza soksi zake ziko wapi, na nilijua ziko wapi. Hakuna aliyeniomba nibaki na hakuna aliyeniuliza nitaondoka lini, basi nikabaki miaka kumi na tisa. Hata kunioa asingeweza, maana sheria zetu haziruhusu mtu kumwoa dada wa marehemu mkewe, na kwa kweli sikutaka. Nilimwita shemeji na yeye aliniita Hetty, au aliita tu, "Wewe huko!" akiwa mlangoni.

Nyumba niliitunza, wasichana nikawalea hadi wakaolewa, lakini nilichokipenda ni ufuo. Mimi ndiye niliyesimamia wanawake wanane kwenye vichanja, tangu Mei hadi Oktoba. Chewa wanataka jua la wastani. Likizidi wanaungua, ukungu ukiingia wanaoza, mvua ikinyesha unao muda wa kusema baba yetu uliye mbinguni na samaki wote wawe wamegeuzwa ngozi juu. Niliweza kunusa mvua kabla haijafika kile kisiwa cha mbele ya bandari. Kando ya vichanja kulikuwa na kibanda cha chumvi chenye jiko dogo la chuma na dirisha moja linalotazama bahari, na mchana nilikunywa chai yangu pale, peke yangu, mlango nimeufunga. Hapo ndipo pekee duniani pasipokuwa na mtu wa kuniita. Nilipapenda kuliko kanisa, Mungu anisamehe.

Siasa ilimwingia Elkanah kwa sababu ya daraja. Mafuriko yalilichukua, akawaandikia wakubwa wa Halifax barua tatu, hawakujibu hata moja. Akatupa kalamu mezani. "Basi nitakwenda mwenyewe," akasema, na mwaka 1836 alikwenda, akiwa Mbunge wetu. Daraja lilijengwa. Nalisema hili kwa haki: alikuwa Mbunge mzuri. Alikuwa hajui hotuba za kupambwa, lakini alijua pipa la misumari linagharimu kiasi gani, na wale mabwana wenye manyoya kwenye kofia walimwogopa kwa hilo. Ila aliporudi nyumbani baada ya kikao cha kwanza alikuwa amebadilika mwendo. Alitembea polepole, akisubiri watu wamwone. Mtu akimwita Bwana Trask alijifanya hasikii hadi aitwe Mheshimiwa.

Uchaguzi wa 1840 ulipokaribia alipata mpinzani wa kweli, mwanasheria aitwaye Lambert Cutler, mtu mwembamba mwenye sauti ya kike na kumbukumbu ya ajabu. Kwetu wakati ule kura ilipigwa kwa mdomo. Mpiga kura alipanda jukwaani mbele ya watu wote, akataja jina lake, ardhi yake na mtu anayemtaka, na karani akaandika. Mwenye haki ya kupiga kura alikuwa mwenye ardhi yenye kuingiza shilingi arobaini kwa mwaka, na hati yake iwe imeandikishwa miezi sita kabla. Kwa hiyo wagombea walikuwa na mchezo wao. Masika waliwakatia watu wao vipande vya ardhi kwa hati halali, na uchaguzi ukiisha vipande vilirudishwa. Kila mtu alijua, hata mchungaji alijua. Na mwaka ule mtu fulani aliisoma sheria vizuri akagundua kwamba ilisema mwenye ardhi, haikusema mwanamume.

Aprili, Ijumaa moja asubuhi, nilikuwa nakanda mkate. Elkanah aliingia jikoni na karatasi.

"Hetty, nimekuandikia ufuo."

"Ufuo gani?"

"Tuna fuo ngapi? Ule wa vichanja, pamoja na kibanda. Upige kura Novemba."

"Si ungenipa kipande cha mawe nyuma ya zizi, kama ulivyompa Asa fundi wa mapipa?"

"Cutler atakipinga. Atasema mawe hayaingizi shilingi arobaini, na kwa kweli hayaingizi. Ufuo hawezi kuupinga, anaunusa akiwa kitandani kwake." Akacheka. Aliweka kiganja mezani, katikati ya unga wangu. "Wengine siwezi kuwapa kitu cha maana, watanikimbia nacho. Lakini wewe! Wewe utakwenda wapi?"

Alisema hivyo kwa upole kabisa. Nadhani aliona ananisifu.

"Baada ya uchaguzi utanirudishia," akaendelea. "Bahati nzuri hukuolewa, maana ungekuwa na mume ingekuwa mali yake, tungeanza kusumbuana na mjinga mwingine."

"Toa mkono kwenye unga, shemeji," nikasema.

Akatoa, akajifuta kwenye suruali, akaondoka. Hayo ndiyo maneno yote tuliyosema kuhusu jambo hilo. Hati aliiweka kwenye kabati pamoja na risiti za chumvi, na kiangazi kizima nilifanya kazi kwenye ufuo ule nisikumbuke hata mara moja kwamba ni wangu.

Oktoba aliniambia habari nyingine. Alikuwa anakula viazi na ng'onda na mafuta ya nguruwe, chakula chake cha Jumamosi, akazungumza akiwa ametazama sahani.

"Nitaoa, Hetty. Mjane mmoja wa Halifax, Bibi Louisa Penhallow. Ana watumishi wake, atakuja nao."

"Hongera, shemeji."

"Nimemwandikia Zenas. Anasema wana nafasi kwa ajili yako. Itakuwa vizuri ukiwa umeshakwenda kabla ya Krismasi."

Zenas ni kaka yetu. Alikuwa na watoto kumi na mmoja na shamba la mizizi ya turnipu maili thelathini ndani ya misitu, ambako bahari huisikii hata upepo uvume vipi. Nafasi aliyosema ilikuwa kitanda kimoja na mabinti watatu. Nilimwongezea Elkanah viazi. Kisha nilikwenda ufuoni, nikafunga mlango wa kibanda, nikalia. Sikulia kwa ajili yake, nililia kwa ajili ya lile dirisha.

Rafiki yangu Temperance Goudey, mke wa mshona matanga, ndiye mtu pekee niliyemweleza.

"Miaka kumi na tisa!" alisema. "Mwenzangu, hata farasi akizeeka huachwa afie zizini alimozoea."

"Asante kwa kunifananisha na farasi."

"Nakufananisha na farasi kwa sababu farasi analishwa. Umemwambia nini?"

"Nimesema hongera."

"Wee Hetty! Ipo siku huo ulimi wako utaozea kinywani kwa kutotumika."

Uchaguzi ulikwenda siku sita, ukihama kutoka kijiji hadi kijiji, na siku mbili za mwisho zilikuwa kwetu. Nilipika kwa siku tatu mfululizo: maharagwe na nyama ya nguruwe, paja la nguruwe lililochemshwa, mikate ya asali ya miwa, maana mgombea hufungua nyumba yake na kila mpiga kura hula na kunywa ramu hadi atosheke. Wengine walikuja kutosheka mara nne. Nje mvua ilikuwa inanyesha pamoja na barafu. Jukwaa lilikuwa mbele ya kanisa, mbao tupu zenye paa la turubai. Katikati alikaa Sherifu Wickwire na Biblia mezani, kulia kwake Elkanah, kushoto Cutler. Kila aliyepiga kura, mgombea aliyechaguliwa ilimpasa asimame, avue kofia, ainame na kumshukuru kwa jina. Siku ya sita Elkanah alikuwa na sauti ya chura, na mgongo alikuwa akiushika kwa mkono kila anapoketi.

Saa nane mchana kura zilikuwa karibu sawa. Hapo Cutler akaanza.

Alipanda Asa Pinkney, fundi wa mapipa, mtu wetu. Akataja jina, akataja kipande chake cha mawe nyuma ya zizi. Cutler akainuka taratibu. "Naomba shahidi huyu aapishwe," akasema, ingawa Asa hakuwa shahidi, lakini wanasheria ndivyo walivyo. Ilikuwa haki yake. Mgombea yeyote angeweza kudai mpiga kura aape, ila kwa desturi hakuna aliyekuwa akidai, maana pande zote mbili zilikuwa na vipande vyao vya mawe. Inaelekea mwaka ule Cutler alikuwa na vichache.

Sherifu akasoma kiapo. Asa akasikiliza, akaitazama Biblia, akamtazama Elkanah, akamtazama mchungaji aliyekuwa amesimama chini kwenye mvua. Sisi huku ni Wabaptisti. Mtu wetu anaweza kulewa, anaweza kukuuzia pipa lenye sehemu mbili za hewa, lakini mkono wake ukishagusa Kitabu anaanza kunusa moto wa jehanamu. Asa alivaa kofia yake akashuka bila kuapa. Umati ulicheka hadi farasi wakashtuka. Wa pili akashuka vilevile. Wa tatu hakupanda kabisa, alisema amekumbuka ng'ombe wake.

Elkanah alikuwa amebadilika rangi. Alinitafuta kwa macho kwenye umati, akaniona, akanipungia vidole viwili, vile alivyozoea kuniita nilete chai.

Nikapanda. Mtu akapiga mluzi, na Temperance akamwambia akamfundishe mama yake mluzi.

"Jina?" akauliza sherifu.

"Mehitabel Crowell."

"Ardhi?"

"Ufuo wa chini ya kanisa, na kibanda cha chumvi."

"Naomba aapishwe," akasema Cutler, akinitabasamia kwa huruma.

Niliweka mkono. Jalada lilikuwa baridi na limelowa. Nataka niseme wazi nilichokuwa nacho moyoni, kwa sababu hapa ndipo hadithi yao na yangu zinapoachana. Nilipanda pale nikiwa na nia ya kupiga kura, kurudisha ufuo, na kwenda kwa Zenas. Nilikuwa namtaka Elkanah ashinde. Cutler angetuuza kwa wakubwa wa Halifax kwa mwaliko mmoja wa chakula.

Sherifu Wickwire alikuwa msomaji wa polepole. "Unaapa kwamba ardhi hii ni yako, kwa matumizi yako mwenyewe. Kwamba hukumwahidi mtu yeyote, kwa mdomo wala kwa maandishi, kumrudishia."

Watu wanadhani kiapo ni maneno tu hadi wasomewe wao. Mimi ni mtu wa kufanya kazi kwa utaratibu, nikaanza kujikagua. Je, niliahidi? Nikarudi kwenye ile Ijumaa, kwenye unga. Yeye alisema utanirudishia. Mimi nilisema toa mkono kwenye unga. Nikatafuta jibu langu jingine, sikuliona. Hakuwa amesubiri jibu. Miaka kumi na tisa hakuwahi kusubiri jibu langu kwa jambo lolote, na mara hii moja jibu lilikuwa linahitajika na halikuwepo.

Kwa hiyo la ahadi lilikuwa kweli. Lilibaki lile la kwanza, kwamba ni yangu. Hilo halikuwa kweli nilipopanda jukwaani. Nilisimama pale mkono juu ya Kitabu, barafu ikigonga turubai, nikaona njia ni mbili tu: ama nimdanganye Mungu, ama niufanye ufuo uwe wangu sasa hivi, kabla sijafungua mdomo. Sitasema nilihuzunika.

"Naapa," nikasema.

"Unamchagua nani?"

"Bwana Elkanah Trask."

Alisimama, akavua kofia, akainama hadi nikaona upara wake. "Nakushukuru, Bibi Mehitabel Crowell," akasema, na alikuwa anafurahi kwelikweli, maskini. Alishinda kwa kura moja.

Wiki ile ile alileta karatasi jikoni. Alikuwa na wino tayari.

"Weka sahihi hapa."

"Ya nini, shemeji?"

"Ya ufuo, Hetty. Usinipotezee siku, nina safari."

"Ufuo ni wangu."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka. "Unasema nini?"

"Niliapa mbele yako. Ulikuwa umekaa hatua mbili."

"Yale ni maneno ya uchaguzi!"

"Ilikuwa Biblia ya uchaguzi pia?"

Akapiga meza, vikombe vikaruka. "Uliniahidi!"

"Nilisema nini? Nikumbushe maneno yangu, shemeji, nami nitaweka sahihi sasa hivi."

Nilikuwa nasema kweli, ningeweka. Alifungua mdomo. Niliona anarudi nyuma kwenye kumbukumbu yake, akitafuta Aprili, akitafuta sauti yangu. Hakupata kitu, na uso wake ukawa wa mtu aliyeingia chumbani mwake akakuta fanicha zimehamishwa.

"Nitakupeleka mahakamani," akasema mwishowe.

"Nenda. Mwambie jaji kwamba kura iliyokupeleka Bungeni ni ya uongo."

Hakwenda. Lakini mahakama ilitujia yenyewe, maana Cutler aliomba Bunge libatilishe ile kura moja, na Februari wajumbe watatu wa kamati ya Bunge walikuja kuhoji watu kwenye darasa la shule. Mji mzima ulijibana mle ndani. Mimi niliulizwa mambo machache, nikajibu. Kisha wakamwapisha Elkanah.

Cutler alisimama mbele yake, mikono mgongoni. "Mheshimiwa Trask. Ufuo ule una thamani kuliko nyumba yako. Unataka kamati iamini kwamba ulimpa mpishi wako, bure, milele?"

"Ni shemeji yangu," akasema Elkanah.

"Shemeji yako, sawa. Ni wake au ni wako?"

Kuni zilipasuka kwenye jiko la darasa. Nilijua alichokuwa anapima, kwa sababu nilimjua kuliko mkewe mpya atakavyomjua. Akisema ni wangu, hautarudi kwake tena. Akisema ni wake, amenunua kura, kiti kimekwenda, na atatembea Port Selwick akiitwa Bwana Trask hadi afe. Ufuo ulikuwa umemfanya awe mtu. Lakini ubunge ulimfanya apendwe, au yeye aliona hivyo, na alikuwa amefika kwetu akipokewa na mbwa.

"Ni wake," akasema.

"Wa kwake kabisa?"

"Umesikia." Alikuwa ananitazama mimi sasa, wala si Cutler. Sikuona hasira. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza ananitazama akijiuliza mimi ni nani. "Amefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Ni wake."

Hakujua kwamba maneno yale ya mwisho hayakuhitajika. Kamati isingejali nimefanya kazi au sikufanya. Aliyaongeza mwenyewe, na kwa ajili ya hayo nimekataa hadi leo kucheka wanapomwita mjinga. Temperance aliniminya mkono hadi ukafa ganzi. "Shoga," akaninong'oneza, "umekuwa tajiri na kofia yako ni ile ile mbaya."

Majira ya baridi nilikaa kwa Temperance, na Machi nikahamia kibandani, na sanduku langu. Bibi Louisa alikuja na watumishi wake, mwanamke mwenye adabu, na mara moja alinitumia jeli ya matufaha. Elkanah hakuja. Alijenga vichanja upande wa pili wa bandari, kwenye eneo lake la nyuma ya ghala. Nilimwona kwa dirisha langu akipima na kamba. Nilijua, na yeye alijua, kwamba upande ule ukungu hauondoki hadi saa sita.

Samaki wa kwanza waliingia wiki ya pili ya Mei. Alianika upande wake siku tatu, na harufu ya samaki wanaooza ikavuka maji hadi kwangu. Siku ya nne asubuhi mashua zake mbili zilikuja kuelekea ufuoni, zimejaa chewa walioloweshwa chumvi. Chewa wa namna hiyo hangojei mtu amalize kiburi chake. Wanawake wangu wanane waliacha kufagia vichanja wakasimama kutazama. Mimi niliingia ndani nikafunga mlango.

Nilisikia mashua ikigusa kokoto. Nilisikia viatu vyake, ule mwendo wa polepole wa Kibunge, halafu nikausikia unaisha, akawa anatembea kama mtu yeyote. Akasimama nje.

"Hodi," akasema.

Niliweza kumwona kwa dirisha, kofia ameishika mkononi, upepo ukimpuliza upara. Nilijua nitamfungulia. Samaki wale walikuwa wazuri na nisingeweza kuwaacha waoze. Lakini sikujibu mara moja.

"Hodi, Hetty. Ni mimi, Elkanah. Naomba kuanika samaki kwako, kama utakubali."

Kisha akanyamaza, na safari hii alisubiri. Nilikaa kwenye kiti changu nikamwacha asubiri, dakika moja, labda mbili, nikalia kwa furaha bila haya yoyote. Halafu nikajifuta uso kwa aproni, nikaenda kumpa jibu.